Jinsi ya kuchunguza madai kwamba mgodi unawadhuru wanakijiji: mwongozo kamili kutoka Lubumbashi

Kila msimu wa mvua ukianza hapa Lubumbashi, sauti za WhatsApp huanza kuzunguka. Mto umebadilika rangi, samaki wanaelea, watoto wanajikuna usiku kucha, mama fulani mimba imetoka. Kabla ya jua kuzama watu wamekwisha kugawanyika: hawa wanasema kampuni inaua watu, wale wanasema wanakijiji wanatafuta fidia. Na katika hao wote hakuna aliyepima kitu.

Mwongozo huu ni wa yule anayetaka kupima: mwalimu wa kijijini, muuguzi wa kituo cha afya, mjumbe wa kamati ya maendeleo, mtangazaji wa redio, kijana wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, aliyerudi kwao likizo. Mimi niko upande wa anayekunywa maji hayo, na kwa sababu hiyohiyo nataka dai lake lichunguzwe kwa ukali kabla halijafika mbele ya mwanasheria wa kampuni. Dai lililotiwa chumvi likivunjwa upande mmoja, hata ukweli uliomo hutupwa nalo. Anayekana naye apimwe kwa mizani ileile.

Kabla hujaanza: linda watu kwanza

Uchunguzi mzuri huchukua wiki au miezi, na mtoto atakuwa na kiu leo jioni. Mkiona samaki wengi wamekufa kwa pamoja, au maji yanachoma ngozi, au yana rangi ambayo wazee hawajawahi kuiona, acheni kuyanywa, kuoga humo na kumwagilia mboga za lengalenga. Novemba 2025 maji ya bwawa la kiwanda kimoja yalifurika hadi mitaa ya komini ya Annexe hapa mjini, na serikali ikasimamisha kazi za kampuni. Siku kama hiyo huhitaji maabara ili ujue usiguse maji.

Jambo moja linawakosesha watu wengi: kuchemsha. Kuchemsha kunaua vijidudu vya kipindupindu na taifodi, lakini hakuondoi metali kama risasi (plomb), arseniki wala kobalti. Metali hubaki chunguni, na maji yanapopungua kwa mvuke huzidi kukolea. Mkishuku vijidudu, chemsheni. Mkishuku metali, tafuteni maji ya mahali pengine.

Hatua ya 1: Livunje dai vipande vinne

"Mgodi unatuua" ni madai manne yaliyofungwa kamba moja. La kwanza, kuna kitu kibaya kinatoka mgodini. La pili, kinasafiri hadi kwetu, kwa mto, kwa vumbi, kwa mboga au kwa nguo za kazi. La tatu, kinaingia mwilini kwa kiasi cha kudhuru. La nne, ugonjwa tulio nao umeletwa nacho. Kila kipande kina ushahidi wake, na kuthibitisha kimoja hakuthibitishi kinachofuata.

Kisa cha Hinkley kinaonyesha kwa nini. Ni makazi madogo ya jangwani huko California, Marekani. Kati ya 1952 na 1966 kampuni ya gesi na umeme ya PG&E ilitumia metali ya kromiamu kuzuia kutu katika mitambo yake ya kupozea, ikamwaga maji machafu kwenye mabwawa yasiyozuia kitu, yakapenya hadi maji ya visima. Mwaka 1996 ililipa dola milioni 333. Baadaye wataalamu walipohesabu wagonjwa wa saratani wa eneo hilo kuanzia 1996 hadi 2008, walipata 196, ilhali walitarajia 224. Wenye haraka wakatangaza kwamba kumbe yote yalikuwa uongo. Hapana. Chanzo na njia vilithibitishwa bila ubishi, na watu walikuwa na haki ya maji safi. Kilichokosa ushahidi ni kipande cha nne, tena kwa jumla ya eneo zima. Hesabu ya namna hiyo haisemi lolote juu ya mtu mmoja aliyekunywa kisima kibovu miaka mingi.

Chukueni daftari, andikeni vipande vinne, na chini ya kila kimoja mwandike safu mbili: mnachokijua, na mlichokisikia tu. Mtashangaa jinsi safu ya pili inavyojaa haraka.

Hatua ya 2: Ramani na kalenda

Choreni mto, kiwanda, mabwawa ya mabaki ya madini, visima, bustani na nyumba. Wekeni mshale wa mkondo wa maji na mwingine wa upepo. Huku kwetu upepo wa kiangazi huvuma zaidi kutoka kusini-mashariki, ndiyo maana moshi wa kiwanda cha kuyeyushia shaba cha Lubumbashi, kilichoanza kazi 1911, uliacha ardhi iliyoharibika upande wa kaskazini-magharibi, kule Penga Penga. Mtu anayeishi upande ambao upepo hauendi, na ambaye hanywi maji ya mkondo wa chini, akisema amedhurika, itabidi aonyeshe njia nyingine. Huenda ipo: mume wake ni kreza, mchimbaji mdogo wa madini, na anarudi na magunia nyumbani. Lakini aionyeshe.

Kalenda ni muhimu vilevile. Kiwanda kilianza lini, na ugonjwa ulianza lini? Kama watoto walikuwa wakijikuna miaka mitatu kabla ya kampuni kufika, hilo liandikwe hata kama linauma. Ila msisahau uchafu wa zamani. Mto Kafubu ulipokea mabaki ya mgodi wa Kipushi miaka mingi kabla ya kampuni za leo, na Kabwe kule Zambia, mgodi wa risasi ulifungwa 1994 lakini watoto bado wana risasi katika damu. Kampuni mpya ikisema "sisi hatukuwepo", inaweza kuwa inasema kweli, na wananchi pia wakawa wanasema kweli.

Hatua ya 3: Fungueni rejista ya kituo cha afya

Mwombeni muuguzi mkuu awasaidie kuhesabu kutoka kwenye rejista, bila kunakili majina ya wagonjwa: mwezi, umri, kijiji, ugonjwa. Miaka mitatu inatosha kuanzia. Halafu fanyeni hivyohivyo katika kijiji kinachofanana na chenu, chenye umaskini uleule na umbali uleule wa hospitali, lakini kisicho karibu na mgodi. Bila kijiji cha kulinganisha, mnachokuwa nacho ni orodha ya huzuni, na kila kijiji cha jimbo letu la Haut-Katanga kina orodha kama hiyo.

Swali gumu la hapa ni hili: ni nini kingine kingeweza kuleta ugonjwa huu? Kuhara huletwa mara nyingi zaidi na choo kilicho juu ya kisima. Kikohozi cha mama na mtoto hutokana na moshi wa kuni na makala (mkaa) jikoni. Kujikuna kunaweza kuwa upele. Mimba hutoka kwa malaria na kaswende, na hata penye maji safi kabisa mimba zinazojulikana hutoka takriban 10 hadi 15 katika kila 100. Watoto wanaozaliwa na kasoro ni kama 3 katika 100 katika nchi nyingi. Tuseme kijijini huzaliwa watoto 60 kwa mwaka: kasoro mbili ni za kawaida, na mwaka mmoja wenye nne unaweza kutokea kwa bahati mbaya tu. Nne kila mwaka, miaka mitano mfululizo, ni habari nyingine kabisa.

Kuuliza hivi si kumdharau mama aliyempoteza mtoto. Mwambieni mapema kwa nini mnauliza, naye apewe nafasi ya kusimulia yote kabla ya maswali ya daftari.

Hatua ya 4: Chukueni sampuli za maji kama watu watakaohojiwa mahakamani

Hapa ndipo madai mengi ya kweli hufia. Mtu anachota maji kwa chupa ya jus, anaiweka juani siku mbili, anaipeleka maabara, na majibu yanakataliwa kwa sababu za haki kabisa.

Anzeni maabara, msianzie mtoni. Pale mjini kuna maabara za chuo kikuu na ya Office Congolais de Contrôle, shirika la serikali la ukaguzi. Ulizeni mambo manne: mnapima metali zipi, kiwango cha chini mnachoweza kugundua ni kipi, bei ni kiasi gani, na chupa mnatoa ninyi? Chupa ya metali huwa ya plastiki mpya, na maabara huweka ndani matone ya asidi ya nitriki ili metali zisigande kwenye kuta za chupa. Chupa ya vijidudu ni nyingine, iliyotakaswa, inayotakiwa kufika maabara siku ileile ikiwa kwenye barafu. Msizichanganye.

Chagueni vituo angalau vitano: juu ya mto kabla maji ya kiwanda hayajaingia, pale yanapoingia, mahali pawili chini yake, na kisima kinachotumiwa na watu wengi. Kile cha juu ya mto ndicho chenye thamani kuliko vyote, na ndicho watu husahau. Bila hicho kampuni itasema metali hizo ni za ardhi ya Katanga, nanyi hamtakuwa na jibu. Msiingie ndani ya konsesheni, yaani eneo la kampuni. Chukueni kutoka barabara au ardhi ya kijiji.

Mkifika mtoni, andikeni chupa kabla haijaloa, kwa kalamu isiyofutika: alama ya siri kama K1 au K2, tarehe, saa, jina la aliyechota. Anza na kituo cha chini kabisa, upande kwenda juu, ili usitibue matope ya kituo kinachofuata. Simama maji yakikujia usoni. Kama chupa haina asidi, isuuze mara tatu kwa maji ya mto na mwaga nyuma yako. Izamishe mdomo ukiwa chini, hadi maji yafike karibu na kiwiko, kisha igeuze ielekee mkondo. Usikwangue chini. Kama chupa ina asidi, usiizamishe wala kuisuuza. Chota kwa chombo kisafi na ujaze taratibu bila kufurisha. Funga, piga picha chupa na mto nyuma yake, weka kwenye sanduku la barafu.

Ongezeni chupa mbili ambazo maabara haitajua ni za nini. Moja ijazwe maji yaliyotoneshwa (eau distillée), mkiifungulia palepale mtoni. Ikitoka na metali, uchafu umetoka mikononi mwenu au kwenye chupa. Nyingine iwe rudufu ya kituo kimoja kwa alama tofauti. Majibu mawili yakipishana sana, kuna tatizo, la maabara au la uchotaji. Bei inapanda kidogo, lakini chupa hizo mbili ndizo zitakazowatetea.

Awepo shahidi: chifu wa kijiji au mjumbe wake, muuguzi, na ikiwezekana mtu wa kampuni aliyealikwa kwa barua. Asipokuja, barua ile inabaki ushahidi kwamba hamkujificha. Kila anayeshika sanduku asaini karatasi moja, kuanzia mtoni hadi mezani kwa maabara, pamoja na saa.

Pesa zikikosekana msiache. Karatasi za kupimia asidi ni za bei ndogo. Kipimo chake huitwa pH: 7 ni maji yasiyo na ukali, na namba ikishuka asidi inazidi. Asidi ya pH 3 ni mara 10,000 zaidi ya pH 7, kwa hiyo mmwagiko mkubwa unaonekana kwa macho kwenye karatasi hiyo. Kijana mmoja akipima kila Jumatatu asubuhi mahali pawili, juu na chini ya kiwanda, akaandika kwenye daftari moja bila kuruka wiki, baada ya mwaka mtakuwa na kitu ambacho ziara ya siku moja ya mtaalamu haiwezi kukivunja.

Hatua ya 5: Soma namba bila kuogopa wala kuogopesha

Kwanza kipimo. Miligramu moja ni mikrogramu 1,000. Nusu ya makelele huzaliwa hapo. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani linaweka mikrogramu 10 kwa lita kwa risasi, 10 kwa arseniki, 3 kwa kadimiamu, 30 kwa urani, na 2,000 kwa shaba. Kwa kobalti halijaweka kiwango. Basi yeyote atakayewaambia kwamba kobalti "iko ndani ya viwango vya Shirika la Afya Duniani", au kwamba "imevizidi", mwombeni awaonyeshe kiwango hicho kimeandikwa wapi.

Pili, neno "haikugunduliwa". Kama mashine haioni risasi iliyo chini ya mikrogramu 50, kutoiona hakusemi chochote juu ya kiwango cha 10. Ndiyo sababu mliuliza mapema.

Tatu, ulizeni kama zilipimwa metali zote au zile zilizoyeyuka tu. Maji mekundu ya Januari yamebeba udongo, na udongo wetu una metali zake tangu zamani. Katanga kuna vilima ambavyo miti haioti kwa sababu ya wingi wa shaba ya asili, na maua ya shaba, Haumaniastrum katangense, yanaota huko. Watafuta madini waliyafuata kwa miaka mingi. Basi namba kubwa kwenye udongo peke yake haimshitaki mtu. Inayoshitaki ni tofauti kati ya juu na chini ya mto, au kati ya tabaka la juu la udongo na lile la kina.

Nne, mwili. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wa Leuven, Ubelgiji, wakiwemo Célestin Banza na Benoit Nemery, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351. Waliokaa chini ya kilomita 3 kutoka migodi au viwanda walikuwa na kobalti nyingi kupindukia. Huo ni ushahidi wa kipande cha tatu, wenye nguvu sana. Hausemi nani ataugua nini. Tena kobalti nyingi hutoka kwa mkojo ndani ya siku chache, kwa hiyo kipimo kinaeleza wiki hii zaidi kuliko mwaka jana.

Mwaka 2020 ukatoka utafiti mwingine wa hapa Lubumbashi: watoto 138 waliozaliwa na kasoro zinazoonekana, wakilinganishwa na 108 wasio nazo. Kina mama wa pande zote mbili walikuwa na metali nyingi mwilini. Kilichotenganisha zaidi ni kazi ya baba: akiwa anafanya kazi ya madini, uwezekano wa kasoro ulipanda takriban mara tano, ingawa makisio yenyewe yana upana mkubwa kwa sababu watu walikuwa wachache. Nimesikia utafiti huu ukitajwa kama ushahidi kwamba maji ya mto yanazaa vilema, na pia kama ushahidi kwamba wananchi wanazua. Haukusema lolote kati ya hayo. Unatupa sababu nzuri ya kuanza jambo moja leo: nguo za mgodini zisiingie ndani ya nyumba, wala zisifuliwe na mama mjamzito pamoja na za watoto.

Hatua ya 6: Pima na jibu la kampuni

Jibu la kawaida ni "tunaheshimu viwango vyote". Viwango vya nani? Maji yanayoruhusiwa kutoka kiwandani ni tofauti na maji yanayoruhusiwa kunywewa. Walipima wapi, kwenye bomba au kisimani kwa watu? Mwezi gani? Nani alichota, na je, alitoa taarifa ya kufika kwake siku kumi kabla? Ombeni tathmini ya athari kwa mazingira na jamii iliyofanywa kabla ya kazi kuanza, maana mna haki ya kujua mto ulikuwaje wakati huo. Kama kampuni iliandika yenyewe kwamba maji yalikuwa safi, haiwezi leo kusema yalikuwa mabaya tangu enzi za mababu.

Kuhusu "hakuna ushahidi", kumbukeni Minamata, Japani, mji wa pwani ambako kiwanda kilimwaga zebaki baharini. Ugonjwa wa watu waliokula samaki wa huko uligunduliwa rasmi mwaka 1956. Mwaka 1959 daktari wa kiwanda cha Chisso alilisha paka maji machafu ya kiwanda, naye akaugua kama watu. Matokeo yakafichwa. Serikali ilikubali chanzo cha ugonjwa mwaka 1968 tu. Miaka yote hiyo kampuni iliendelea kuomba ushahidi ambao ilikuwa nao kabatini. Anayesema hakuna ushahidi, ulizeni kwanza nani alitafuta, na alitafuta kwa kifaa gani.

Ulizeni vilevile nani analipia upande wenu. Mwanasiasa anayetaka kura, anayetaka ardhi ya kijiji, anayetaka mkataba wa kusafirisha madini. Maslahi hayafanyi maneno kuwa uongo, ila yanatulazimu tuangalie karatasi zao mara mbili.

Hatua ya 7: Andikeni malalamiko yenye uzito wa ushahidi wenu tu

Sheria ya madini ya 2002, kama ilivyorekebishwa Machi 2018, inamwajibisha mwenye kibali kwa madhara yanayotokana na shughuli zake hata kama hakufanya uzembe. Hamhitaji kuthibitisha nia mbaya. Mnahitaji kuonyesha uhusiano.

Basi badala ya "kampuni inaua watoto wetu", andikeni hivi: "Mheshimiwa, tarehe fulani, mbele ya chifu na muuguzi, tulichukua sampuli katika vituo vitano. Juu ya mfereji wa kiwanda pH ilikuwa 7, chini yake ilikuwa 4. Kisima cha shule kina risasi mikrogramu 35 kwa lita. Familia kadhaa hunywa hapo. Tunaomba maji safi yaletwe kuanzia wiki hii, watoto wa shule wapimwe damu, na mfereji ukaguliwe tukiwepo." Kuhusu mimba zilizotoka, wekeni hesabu ya rejista na ya kijiji cha kulinganisha, kisha ombeni uchunguzi. Msitamke chanzo ambacho hamjakithibitisha.

Nakala moja iende kwa kampuni, moja kwa Agence Congolaise de l'Environnement (wakala wa serikali wa mazingira), moja kwa idara ya madini ya jimbo, moja kwa msimamizi wa eneo. Mbebe nakala ya ziada kila ofisi na igongwe muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Majibu ya maabara yaende kama nakala. Asili zibaki kijijini, mahali palipofungwa, na picha zake kwenye simu za watu watatu tofauti. Kisha pangeni siku ya kurudi mtoni kuchota tena vituo vilevile vitano: mara moja Septemba maji yakiwa machache, na mara moja wiki ya mvua za kwanza, wakati mabwawa ya mabaki yanaweza kufurika.